Saa Iliyoanza Upya

Kwa mara ya saba asubuhi ile laptopu iliunguruma, ikawasha kijitaa chake cha buluu, ikatulia, kisha ikaleta maneno yale yale, meupe juu ya weusi: hakuna kifaa cha kuwashia kilichopatikana. Inspekta aliyasoma tena kama mtu anayesoma barua ya kuachishwa kazi, akitumaini safari hii ataliona jina la mtu mwingine.

"Afande, ukizidi kukibonyeza hicho kitufe kitazama kama msumari," alisema Mama Pacha, fundi wa kompyuta, bila kuinua macho. "Kaa chini. Unanitia kiwewe."

Inspekta hakukaa. Kibanda kilikuwa na upana wa hatua nne, naye alikuwa ameshazipiga hatua hizo nenda rudi tangu saa tatu, kutoka kwenye rundo la chaja mpaka kwenye kalenda iliyochorwa na watoto wa fundi, kutoka kwenye kalenda mpaka kwenye rundo la chaja. Kila akigeuka alitazama saa ya mkononi. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.

Saa nane mchana karani wa zahanati angesimamishwa mbele ya hakimu. Binti huyo alikuwa mahabusu tangu Jumamosi asubuhi, na leo ni Alhamisi. Alidaiwa kuiba laptopu ya zahanati siku ya Ijumaa pamoja na kumbukumbu zilizokuwamo. Mkuu wa kituo alishasema wazi: pasipopatikana jipya, faili linakwenda kama lilivyo, na binti anakwenda rumande kwenye gereza lililo safari ya siku nzima. Mtoto wake alikuwa na miezi mitano. Mara tatu kwa siku bibi wa mtoto alimleta kituoni anyonye, mama yake akiwa ameketi kwenye kizingiti cha mahabusu, mlango ukiwa nusu wazi. Huko gerezani hakukuwa na mlango wa nusu wazi.

Maelezo ya karani hayakubadilika hata neno moja kwa siku tano. Alisema jokofu la chanjo lilizimika siku mbili mfululizo, na yeye, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika joto la jokofu asubuhi na jioni, aliandika alichokiona. Alipomwambia msimamizi wa zahanati kwamba chanjo zimeharibika, msimamizi alimwambia afunge mdomo na aendelee kupanga kadi. Watoto wakachomwa dawa ile ile. Ushahidi wote, alisema, umo kwenye laptopu. Msimamizi aliruka kimanga: jokofu halijawahi kuzimika hata dakika moja, na karani ni mwizi anayetafuta pa kujificha.

Jana Jumatano, baada ya kupita duka kwa duka na namba ya mashine mkononi, Inspekta aliikuta laptopu kwenye rafu ya muuza kompyuta za mitumba, mtu wa makamo anayeitwa Chaji. Alidhani kazi imekwisha. Kumbe mashine ilikuwa bubu.

"Haya, tuifungue," alisema Mama Pacha. "Lakini kwanza mwite Chaji avuke barabara. Sikati stika ya mtu bila mwenyewe kuwapo."

Hiyo ilikuwa desturi ya mtaa ule wa mafundi. Kila muuza mitumba akipokea mashine, kabla hata ya kuifuta vumbi, hubandika stika yake juu ya skrubu moja ya chini, akaandika siku na saa na kutia sahihi. Mnunuzi akija kesho kulalamika kwamba kauziwa mashine mbovu, stika ndiyo husema kama kaifungua na kubadilisha vifaa. Stika ikichanika, hakuna kusikilizana.

Chaji alifika akitafuna kijiti, amenuna kwa sababu ameacha wateja. Inspekta alimuuliza upya aliyomuuliza jana, naye akajibu upya, safari hii akihesabu kwa vidole kama anayefundisha mtoto. Mashine ililetwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Aliyeileta ni mwendesha pikipiki mwenye kofia ngumu, akasema katumwa tu, akapokea chake akaondoka. Ilikuwa ndani ya katoni ya glavu za hospitali. Mashine yenyewe hakuifungua. Aliiwasha mara moja, akaona yale maneno, akaiweka rafuni apate mtu wa kuinunua kwa ajili ya vipuri.

"Mwendesha pikipiki," alirudia Inspekta.

"Ndiyo. Na usiniulize sura, afande. Mtu mwenye kofia ile ana sura ya kofia."

Hapo ndipo Mkuu wa kituo alipokuwa ameng'ang'ania. Kaka yake karani alikuwa mwendesha pikipiki. Katoni ya glavu hutoka zahanati. Dada kaiba, kaka kauza. Kilichobaki ni kugonga muhuri. Inspekta alikuwa na jambo moja tu la kumzuia: siku ile ile ya kukamatwa, kabla hajaulizwa, karani alimpa neno la siri la kuingilia kwenye mashine. Lilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake. Inspekta hakuwahi kuona mtu anayechoma nyumba halafu akamkabidhi polisi ufunguo wa mlango.

Mama Pacha aliitazama stika kwa lenzi, akaipiga picha, akamwonyesha Chaji. Jumatatu, saa tatu, sahihi, haikuguswa. Chaji akakubali kwa kichwa. Ndipo akaikata kwa wembe, akafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa, akanyanyua bamba la chini.

Wote watatu waliinama. Upande wa kulia palikuwa na nafasi ya mstatili, ukubwa wa daftari dogo la mfukoni, na ndani yake hamkuwa na kitu. Ni kebo tu iliyoning'inia kama mkia uliokatwa.

"Diski imeng'olewa," alisema Chaji. "Basi maneno ya skrini yamesema kweli. Mwiteni mchawi, si fundi."

Inspekta alinyoosha mgongo. Alirudi kwenye kalenda, akarudi kwenye chaja. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba afadhali aende kituoni akamwambie bibi wa mtoto mwenyewe, kuliko ausikie ukweli huo kortini. Akachukua kofia yake.

"Iweke hiyo kofia," alisema Mama Pacha. Alikuwa amesogeza taa. "Nani kasema nimemaliza kutazama? Hiki hapa unakiona?"

Alichokigusa kwa ncha ya bisibisi kilikuwa kijibamba chembamba cha rangi ya kijani, urefu wa kidole, kimelala kwenye ubao mkuu kwa skrubu moja ndogo. Inspekta alisema anakiona lakini hakijui.

"Hiki nacho ni diski, afande. Tena ndiyo yenyewe. Ile kubwa iliyong'olewa ni ya zamani; mashine za aina hii zikiongezewa hii ndogo, kubwa huachwa humo kwa kuhifadhi picha na makorokoro. Mtu asiyejua akifungua, anaona li-diski kubwa linamkodolea macho, analing'oa, anajiona kamaliza kazi. Hiki anakiona kama kipande cha ubao tu."

"Kama kipo, mbona haiwaki?"

Hilo, alisema, ndilo lililokuwa linamsumbua na yeye.

Hakugusa betri. Aliigeuza mashine kwa uangalifu bamba likiwa wazi, akaiwasha huku akigongagonga kitufe cha juu, na badala ya yale maneno ukatokea ukurasa wa kijivu wenye orodha, ukurasa wa mipangilio ya ndani kabisa, ule ambao mashine huusoma kabla ya kujua kitu kingine chochote. Mstari wa tatu ulitaja diski ndogo kwa jina na ukubwa wake. Ilikuwapo. Mashine ilikuwa inaiona.

Mama Pacha alishuka mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kisha akasimama. Alirudi juu. Akaweka kidole kwenye pembe ya skrini.

"Afande, leo tarehe ngapi?"

Inspekta akamtajia.

"Mwenzio huyu anasema leo ni tarehe nne Januari. Tena ya miaka saba iliyopita. Saa kumi na dakika kumi jioni."

Chaji alicheka akasema mashine imelewa. Mama Pacha hakucheka. Alichukua kipima umeme, akakigusisha kwenye betri nyingine ndogo ya duara, kama kifungo cha koti, iliyokaa pembeni mwa ubao. Mshale haukusogea. Akavuta pumzi ndefu, akaeleza polepole, na Inspekta kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akakaa kwenye stuli.

Betri hii ya kifungo, alisema, kazi yake ni kuikumbusha mashine saa na mipangilio yake hata betri kubwa ikitolewa. Hii imekufa, pengine mwaka sasa. Betri kubwa ikiwa mahali pake, hakuna anayejua, maana kubwa huibebea ndogo kazi. Lakini siku mtu akichomoa kubwa, mashine inasahau kila kitu. Inarudi kama ilivyotoka kiwandani: saa inaanza upya, saa sita kamili usiku wa kuamkia tarehe moja Januari ya mwaka wake wa kuundwa. Na mtindo wa kuwashia unarudi ule wa zamani, ambao hauijui diski ndogo. Ndiyo maana inalia kwamba hakuna kifaa, na kifaa kimo humo humo tumboni mwake.

"Kwa hiyo hakuna kilichofutwa," alisema Inspekta.

"Hakuna. Aliyeifungua alichomoa betri kama watu wanavyofundishana, akang'oa diski asiyoihitaji mtu, akafunga, akaiwasha, akasoma yale maneno akafurahi. Maneno yalimdanganya yeye kabla ya kutudanganya sisi."

Lakini Inspekta alikuwa ameshapita hapo kimawazo. Macho yake yalikuwa kwenye pembe ya skrini. Aliuliza: ile saa ya uongo, inatembea?

"Tuone," alisema fundi, akaizima.

Walikubaliana kungoja mpaka zitimie dakika kumi tangu saa ile isomwe. Zilikuwa dakika ndefu kuliko asubuhi yote. Chaji alichokonoa meno. Mama Pacha alipanga upya skrubu zilizokuwa zimeshapangwa. Inspekta alifungua faili apate kitu cha kushika, akayapitia maelezo ya ziada ya msimamizi, yaliyoandikwa kituoni Jumatatu asubuhi. Alikuwa ameyasoma mara nne akayaona maneno ya mtu mwenye uchungu na mali ya umma. Safari hii alifika mstari wa mwisho, akausoma, akaurudia, mguu wake uliokuwa ukitikisika ukatulia.

Mashine ilipowashwa tena, saa ilisema kumi na dakika ishirini. Ilikuwa inatembea, sawa na ya mkononi.

Inspekta aliandika nyuma ya faili. Tangu kuanza upya zimepita siku tatu, saa kumi na sita na dakika ishirini. Sasa hivi ni Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi. Akarudi nyuma siku tatu: Jumatatu, saa nne na nusu asubuhi. Akarudi nyuma saa kumi na sita na dakika ishirini zaidi. Alipiga hesabu mara mbili, akampa fundi naye akapiga.

"Jumapili," alisema Mama Pacha. "Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Ndipo betri iliporudishwa."

"Jumapili jioni karani alikuwa kwangu, nyuma ya kufuli."

"Na kaka mtu je?" alidakia Chaji, ambaye sasa alikuwa ameliacha duka lake moja kwa moja.

Inspekta hakuhitaji kufikiri. Jumapili kaka mtu ndiye aliyempakia bibi na mtoto kwenye pikipiki akawaleta kituoni. Kitabu cha wageni kilikuwa na sahihi yake: ameingia saa kumi na moja u nusu, ametoka saa moja kasoro robo. Inspekta mwenyewe alimshikia mtoto kaka huyo alipokuwa akisaini, na shati lake lilipata mkasa wa mkojo wa mtoto.

Mama Pacha aliapa kutoigusisha mashine na mtandao, maana ingejirekebisha saa na kuuosha ushahidi wote. Alipiga picha za ukurasa ule, saa ya mkononi ya Inspekta ikiwa kando, Chaji akatia sahihi kama shahidi. Ndipo akabadilisha mstari mmoja tu, mtindo wa zamani ukawa wa kisasa, akahifadhi, akawasha. Skrini ikawa nyeusi. Ikakaa nyeusi muda ambao Inspekta aliuona mwaka. Kisha ikaomba neno la siri, naye akaandika tarehe ya kuzaliwa ya mtoto.

Ilikuwapo kazi yote ya karani. Joto la jokofu, asubuhi na jioni, siku baada ya siku: nne, tano, nne, tano, halafu kumi na tisa, ishirini na sita, ishirini na saba, ishirini na nane, halafu tano tena, kama kwamba hakuna kilichotokea. Kando ya zile namba kubwa aliandika: nimemwambia msimamizi. Chini yake palikuwa na jedwali jingine, alilolipa jina moja tu, Warudiwe. Kadi arobaini na moja za watoto wa kuchomwa upya. Inspekta alisoma ya kwanza, akangoja bamba lirudishwe, akaitia mashine kwapani, akatoka. Leo ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku ya chanjo.

Zahanati ilikuwa na foleni ya akina mama mpaka nje ya mlango, kadi mkononi, watoto mgongoni na mapajani. Inspekta alimwita mhudumu wa chanjo pembeni, akamwomba aiweke sindano chini, wala asichome hata mtoto mmoja kutoka kwenye jokofu lile mpaka wakubwa wa afya wilayani wafike. Aliwapigia simu akiwa hapo hapo mlangoni. Kisha akaingia ofisini kwa msimamizi bila kugonga.

Msimamizi alikuwa mtu nadhifu, koti jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Alisimama, akatoa pole kwa kazi, akasema ameshangaa kuiona mashine, ingawa kwa bahati mbaya sasa ni chuma chakavu tu. Inspekta aliiweka mezani, akamwomba aiwashe. Msimamizi akatabasamu kama anayemridhisha mgonjwa msumbufu, akabonyeza.

Ikawaka. Ikaleta picha ya zahanati yenye maua mbele.

Msimamizi hakuitazama. Hilo Inspekta alikuwa akilingojea tangu njiani, na hakupepesa. Jicho la msimamizi lilitoka kwenye skrini likaenda moja kwa moja kwenye droo ya chini ya meza yake, likagutuka, likarudi.

"Jumatatu asubuhi uliandika maelezo ya ziada," alisema Inspekta. "Nikusomee ulivyomalizia: kwa kuwa kumbukumbu zilishatolewa ndani ya mashine, naomba shauri lisicheleweshwe kwa kuisubiri."

"Ndiyo. Nilikuwa nasaidia."

"Mashine nimeipata jana. Jumatatu hakuna polisi aliyekuwa ameiona. Nani alikwambia zimetolewa?"

Msimamizi alianza kusema kwamba alikisia, kwamba wezi wote hufanya hivyo, kwamba karani alikuwa na tabia ya kuchokonoa mashine. Aliongea mengi, na kadiri alivyoongea ndivyo jasho jembamba lilivyomtoka juu ya mdomo. Inspekta alimwacha mpaka maneno yakamwishia. Kisha akasema, kwa upole:

"Mzee, fungua droo."

Diski kubwa ilikuwamo, imevingirishwa ndani ya glavu moja ya hospitali, kidole gumba kimefungwa fundo. Aliogopa kuitupa, alisema baadaye, kwa sababu alidhani mtu anaweza kuiokota akaisoma. Inspekta aliifungua kwenye kompyuta ya kituo kwa kutimiza utaratibu. Ilikuwa na nyimbo na picha za mahafali.

Ilikuwa saa saba na nusu Mkuu wa kituo alipoyasoma yote akiwa amesimama, akauliza swali moja kuhusu betri, akauliza tena, akasema haelewi ila anaamini, akatia sahihi. Mlango wa mahabusu ulifunguliwa wote. Bibi wa mtoto, ambaye alikuwa kwenye benchi tangu alfajiri, hakupiga kelele. Alimkabidhi binti yake mtoto kama anayerudisha kitu alichoazima, akajifunika uso kwa kitenge.

Karani alinyonyesha pale pale kwenye benchi. Mkono mmoja ulimshika mtoto, wa pili ukanyooshwa kuelekea laptopu.

"Orodha ipo, afande?"

Inspekta alimfungulia. Alimwambia wakubwa wa afya wako njiani, dawa mpya zitafika kesho, kinachotakiwa ni kuwapata wazazi wote wa kadi zile. Karani aliitikia, akateremka kwenye jedwali mpaka chini kuhakikisha hakuna mstari uliopotea, na Inspekta akasoma naye juu ya bega. Kadi ya arobaini na moja, mtoto wa miezi mitano, ameletwa na bibi yake. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ile aliyoiandika yeye mwenyewe asubuhi kwenye kibanda cha fundi.

Inspekta aliisoma mara ya pili. Kisha akamuuliza kwa nini siku zote tano hakulisema hilo.

"Ningelisema, mngesema namtetea wangu tu," alijibu karani. "Mngewasahau arobaini."

Mtoto aliachia ziwa akapiga chafya. Karani alimfuta pua kwa pindo la kanga, akairudisha orodha juu kabisa, akasogeza simu ya mezani karibu.

"Nisomee namba, afande," alisema. "Anza na ya kwanza."